Gauni la Popilini la Mama

Mhunze, Kishapu
14 Agosti 2024

Mpendwa pacha wangu Kulwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo wewe? Shemeji Wiliam hajambo? Na Mageni anaendeleaje na masomo? Natumaini huko Nyarugusu mnaamka salama na wachimbaji bado wanakigombania chakula chako. Mimi mwili ni mzima. Mama amesikia naandika, anasema nikuamkie shikamoo kwa kuwa wewe ndiye uliyetangulia kuzaliwa, lakini shikamoo hiyo sitoi mpaka nikuone.

Simu nimepiga tangu Juni, inaita mpaka inakata. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimemkabidhi Boaz wa shangazi Sesilia anayepeleka mchele Geita. Nimemwambia asiondoke kabla hujaifungua.

Kulwa, mama anatuacha. Sijui nilisemeje vingine. Alilazwa hospitali ya Kolandoto wiki mbili, wakamhudumia vizuri, kisha daktari akanikalisha na kuniambia moyo umechoka. Anakunywa uji vijiko vitatu, anasema ameshiba. Akili lakini ni nzima, na ulimi ndio usiseme.

Siku tuliporudi alinituma nilete ile picha ya harusi yao ya mwaka sabini na tatu. Akaweka kidole kwenye gauni alilovaa: popilini nyeupe ya vitone vya buluu, kola ya duara, mikono ya puto, kiuno kimebanwa na marinda yanashuka hadi chini ya magoti. Akasema, "Nishonee kama hili, Doto. Ndilo mtakalonivika." Nilitoka nikalia nyuma ya jiko, kisha nikarudi kumuuliza kola iwe na lesi au isiwe nayo.

Kutafuta kitambaa kumenimaliza. Maduka ya Shinyanga mjini yamejaa satini na vitu vinavyoteleza. Nilimletea vipande vitatu achague. Kila kimoja alikifumbata kiganjani, na kikifunguka bila mkunjo anakitupa pembeni. Cha tatu kilikunjamana kidogo, akaniambia nichome uzi wake kwa kiberiti. Ukayeyuka, ukawa kidonge cheusi.

"Nimelima pamba miaka arobaini," akasema, "halafu mnizike na plastiki?"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikuweza.

Nilirudi mjini mara tatu. Mwishowe Mzee Abdulshakur, yule muuza vitambaa karibu na soko, alinihurumia. Akapanda ngazi, akashusha jora lililobaki tangu enzi za baba yake. Vitone vyenyewe, Kulwa! Zilikuwa zimesalia yadi tano tu, na hakuna pengine pa kupata nyingine. Uzi wake ulipoungua ulitoa majivu na harufu ya karatasi. Mama alikishika kitambaa akashukuru, "wabeja, wabeja sana," na siku hiyo alimaliza kikombe kizima cha uji.

Pateni ya gauni la namna ile haiuzwi, kwa hiyo nilichora mwenyewe kwenye karatasi za mifuko ya saruji huku naitazama picha. Sketi niliigawa vipande sita. Kitambaa nikakilowesha na kukianika kwanza, maana pamba mpya hupungua ikifuliwa. Mpaka hapo nilifanya kila kitu kama alivyotufundisha.

Kisha nikaharibu. Sikuweza kumpima. Unajua kwetu mtu hai hapimwi nguo ya namna hiyo. Kila nikichukua tepu, naiweka chini. Nikakumbuka tulivyokuwa wadogo, mama akimpima mmoja wetu na kukata magauni mawili. Na kila mtu husema umbo letu tumerithi kwake. Nikajipima mimi mwenyewe. Nikakata yadi zote tano kwa mwili wangu.

Jumapili tulimvisha ajaribu. Kulwa, mama hayumo mle ndani! Mabega ya gauni yameshuka karibu na viwiko, na kiuno wangeingia wawili. Kila siku namwogesha kwa mikono yangu hii, na bado macho yalikataa kuona alivyokwisha. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, nikasema nitafumua nipunguze.

Alikataa. Alijitazama kwenye kioo, akashika vile vitone, akasema, "Usiliguse. Hili ni la Kulwa. Mpelekee alivae kwenye msiba wangu, maana misibani huwa anakuja, hata kama tumeshazika. Mimi mnivike kitenge changu cha kwaya."

Najua litakuuma, na sikuandikii ili nikuchome. Wewe nawe unalo neno lake ulilolibeba miaka mitatu, tangu siku ile ulipofika baba akiwa ameshafukiwa, na mama akakuambia mbele ya waombolezaji kwamba bora usingekuja. Lilikuwa neno baya. Nilipaswa kukufuata njiani, nami sikukufuata. Nisamehe.

Lakini usichokijua ni hiki. Jumapili hiyo hiyo, nilipokuwa namfunika shuka, aligeukia ukutani akauliza, "Ng'wanone, mwanangu, atakuja lini?" Mimi mwanawe nilikuwa nimesimama pale pale, nikajua anamtaja nani. Nakuomba, Kulwa, unisaidie kumjibu, maana peke yangu nimeshindwa.

Kwa hiyo gauni sikutumii. Boaz alitaka kulibeba, nimemkatalia. Likikufikia huko utalivaa siku ambayo yeye hakuoni. Njoo ulivae hapa, simama mbele ya kitanda chake, akuone, akusimange mpaka achoke. Akikufukuza, mimi nitafunga mlango tubaki wote ndani.

Shangazi Sesilia anakusalimu sana, na Juliana wangu anakuulizia kila akirudi shule. Nisalimie shemeji, na Mageni mwambie bibi yake anamtaja kwa jina.

Mungu akufungulie njia, akulinde barabarani. Ukimaliza kusoma, zima jiko. Ukipanda basi la asubuhi, jioni uko hapa. Njoo kesho, Kulwa. Keshokutwa sina uhakika nayo.

Pacha wako anayekupenda na kukukasirikia,
Doto