Jina Lako Bado Linatoka Kwenye Mtihani

Kaka Elisha,

Jana umetutungia mtihani wa hesabu. Jina lako lilikuwa juu ya karatasi, chini ya jina la shule, na tarehe ilikuwa ya jana. Wewe tulikuzika mvua zilipoanza, na sasa maharage ya shamba lililo kando yako yameshavunwa.

Mimi najua kwa nini. Lakini huku Makere wengi hawajui, na wameanza kuogopa.

Ni ile programu yako uliyoiita Anza. Dirisha jeusi, halina picha wala cha kubofya. Unaandika "anza mtihani", nayo inakutengenezea folda yenye kila kitu cha LaTeX, ile programu ya kupangia maandishi na alama za hesabu: ukurasa wa mbele, maelekezo, nafasi za maswali. Uliitengeneza kwa kuwa ulichoka kuona walimu wakichapa mtihani halafu wanachora alama za vipeuo kwa kalamu. Inaanza kwa kuamkia, "Mwakeye," kama mtu wa kwetu. Kisha inauliza mtungaji ni nani. Usipojibu, inaweka jina lako. Tarehe inaitafuta yenyewe, kila mara ya siku hiyo hiyo.

Uliponifundisha ulisema, "Ukikosa la kujibu, bonyeza tu. Nitakujibia mimi." Nikacheka.

Kwanza ilitokea Murungu, kwa yule mwalimu uliyempa programu kwenye flashi ulipokwenda Kibondo, kabla homa haijakushika. Shangazi alikuja kutoka huko na karatasi ya mtihani ya mwanawe, ameifunga kwenye kitenge. Mama alisoma jina, akasoma tarehe, akarudi kwenye jina.

"Amewaachia lini hii?"

"Ni ya juzi, wifi."

Mama akaikunja karatasi, akairudisha kwenye kitenge.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kompyuta yako. Mama alikuwa anapita nyuma yangu na ungo wa maharage. Salamu ikatoka, naye akaiitikia kwa sauti, maana kwetu salamu haiachwi hewani. Kisha akasimama. Akakiambia kile kioo, "Mwana wanje, mwanangu, unaamkia halafu huingii ndani?"

Kaka, nilisikia baridi mgongoni. Jua lilikuwa limeshatoka.

Nikamwambia, "Mama, si yeye. Ni mistari tu aliyoiandika, ya salamu na ya jina."

"Kama ni mistari tu, ule wa jina ufute. Mwache apumzike."

Nilisema nitaufuta. Sikuufuta. Kila tarehe mpya iliyotoka chini ya jina lako niliiona kama siku nyingine umeishi. Ningeanzaje kukata hapo?

Basi Madam Skola, mwalimu wetu wa hesabu, akanipa maswali yake niyachape, kwa kuwa shuleni ni mimi tu ninayeijua Anza. Kwenye swali la mtungaji, kidole kikabonyeza chenyewe kama kilivyozoea. Karatasi zikagawiwa. Macho ya darasa zima yakaenda kwenye jina kabla ya maswali. Unamjua Ezekieli, hawezi kukaa bila neno. Aliinua karatasi dirishani, akaitazama kama noti ya bandia.

"Anitha, mwambie kaka yako swali la nne ni gumu. Apunguze."

Wa nyuma akasema, "Wewe, usimchokoze, atakuongezea."

Wakacheka kidogo, wakaacha wote kwa pamoja. Maswali yale yalikuwa ya Madam, lakini nilipofika la nne nilihisi kuna mtu amesimama nyuma ya dawati langu, anasubiri nikosee ili akohoe. Ndivyo ulivyokuwa unafanya. Sikugeuka.

Baadaye Madam aliniita ofisini. "Mtihani nimetunga mimi, na watoto wananiangalia kama nimetoka makaburini. Ondoa hilo jina, Anitha. La sivyo tunarudi kwenye kalamu."

Hapo nikaelewa. Nikiling'ang'ania jina, kazi yako yote inakufa.

Leo asubuhi niliufungua ule mstari wa jina. Nilifuta herufi moja moja kuanzia nyuma. Ilipobaki Eli, jina la utotoni analokuita Mama, nikasimama. Nikaenda nje, nikanawa uso, nikarudi kumalizia. Kisha nikaiagiza programu irudie swali kama hakuna jibu.

Nikaijaribu. Niliandika "anza barua". Ikaamkia. Ikauliza mwandishi ni nani. Nikabonyeza bila kujibu.

Ikauliza tena.

Nikabonyeza tena. Mwandishi ni nani? Mimi mwenyewe ndiye niliyeiagiza irudie, lakini nilisogeza kiti nyuma, kwa sababu kwa mara ya kwanza hukunijibia. Mama alikuwa mlangoni, ametega sikio kama anayesubiri mgeni abishe hodi. Hakuna aliyebisha.

Nikaandika jina langu. Ndipo likatokea lile neno lako la mwisho, ambalo nilikuwa silioni tena kwa kulizoea: "Nimeshakuandalia. Wewe andika tu."

Ndiyo barua hii.

Salamu yako nimeiacha, Mama amesema isiguswe. Wasichana wa kidato cha kwanza wameomba niwafundishe baada ya vipindi, nami nitawafundisha kwa utaratibu wako, nikisimama nyuma yao. Na likizo ikifika nitapanda gari hadi Kibondo, niende Murungu, nikakutoe na huko. Mpaka nifike, wao watakuona bado uko kazini. Nivumilie, kaka. Nikitoka huko hutadaiwa mtihani na mtu yeyote.

Lala sasa. Mama anasema ameshakuitikia.

Mdogo wako,
Anitha

Tarehe nimeiandika mwenyewe kwa kalamu, isije ikabadilika.