Mama Mkwe Mbele ya Kadhi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Tanga tu wazima, ila mimi nimechoka. Umeniuliza nani atakusadiki kwamba mumeo anakupiga.

Miaka ya hamsini, mume wangu wa kwanza alinipiga. Nilikimbilia kwetu Ngamiani, baba akaniambia, "Rudi ukavumilie." Nikarudi. Mama mkwe aliponiona jicho limevimba, hakuniuliza nimekosa nini. Alivaa buibui lake, akanishika mkono mpaka kwa kadhi.

"Huyu hasemi uongo," alisema. "Mwanangu nimemzaa mimi, namjua."

Kadhi akaivunja ndoa. Mwanawe hakusema naye tena maisha yake yote.

Mimi nimekusadiki, mjukuu wangu. Njoo, kitanda nimekwisha kutandika.

Bibi yako, Mwanahamisi