Posta ya Kwetu na Barua ya Bi Zeyana

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mwalimu mkuu kaniomba niandike historia ya mji wetu na posta yake, watoto waisome skuli. Nimekubali — halafu nikajuta! Baba alikuwa karani wa posta hiyo miaka thelathini. Na Bi Zeyana, jirani yetu, hajibu salamu zetu tangu 1983. Anasema baba aliipoteza barua ya mumewe kutoka Dubai. Mume kasubiri jibu, kachoka, kaoa huko huko. Sasa hapo ntaandika nini?

Jumatano, 6 Agosti
Nimeandika ukurasa mmoja tu. Posta ilianzia chumba cha nyuma cha duka la mbata, nazi kavu. Barua zinamwagwa juu ya magunia, kila mtu anatafuta yake. Jengo limekuja baadaye. Siku ya barua za Arabuni watu walijaa mpaka barabarani! Leo yupo karani Mudrik peke yake, na feni. Kasema madaftari ya zamani yapo stoo, niende kesho.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeiona! Daftari la rejista, Machi 1983. Barua haikupotea. Imechukuliwa kwa niaba ya Bi Zeyana — saini ya Ubwa, kaka yake. Nimekaa chini sakafuni nikalia. Mudrik kaniletea maji. Alhamdulillahi! Miaka yote hii nilikuwa naogopa kuwa ni kweli.

Ijumaa, 8 Agosti
Baada ya sala nimemwambia baba. Kumbe anajua! Ubwa hakutaka dada yake aende Dubai, akaificha barua. Baada ya wiki tatu kaanguka mnazi, kafa. "Nimwendee mtu kilioni, nimwambie: marehemu kakudhulumu?" Basi baba kaacha asemwe yeye. Nimekasirika. Nimembusu mkono.

Jumamosi, 9 Agosti
Mudrik hana kifua, kamwambia yote! Bi Zeyana katoka posta, moja kwa moja kaja kwetu. Hodi. Nimemwamkia shikamoo — kaitika! Marahaba, Khairat. Sikujua kama jina langu analijua.

Wamekaa ukumbini, yeye na baba. Mimi nimekimbilia jikoni, naandika huku maji yako motoni. Namsikia akimuuliza baba: mbona hukunambia, Mcha? Kauliza tena, taratibu.

Hajaondoka.

Ananiita — chai yake nisitie sukari.