Jina Yangu ku Magazini ya Mama Lin

Kolwezi

Yaya Fidélie wangu wa Sandoa,

Tuko bazima. Muhogo yako ilifika, batoto banakushukuru.

Unajua sheria inakataza bageni kuuzisha bitu kimoja-kimoja. Ndiyo maana Mama Lin, ule Muchina mwenye ulikulaka naye bukari kwetu ku Pasaka, aliandikisha magazini yake, ile duka, ku jina yangu. Juzi batu ya Leta, bale ba serikali, balikuya, baliuliza magazini ni ya nani. Nikajibu ni yangu, vile tulipatana.

Balionyesha Mama Lin ku kiti yake: “Na huyu mama?”

Tulipatana niseme ni rafiki yangu. Woga ilinishika, nikasema simujue.

Balimubeba vile alikuwa, hata sakoshi yake ya mukono hakushika, balimurudisha kwabo Chine.

Magazini niliifungula. Kiti yake iko palepale. Mi nauzishaka wima.

Mudogo wako,
Mwadi