Mahindi ya Buluu Yaliyochelewa Kukomaa

Ontario, Jumapili, tarehe 19 Oktoba. Miezi minane na siku tatu tangu nitoke nyumbani.

Kaka yangu Fidencio,

Pokea salamu zangu nyingi. Mama hajambo? Magoti bado yanamsumbua? Watoto wazima? Mimi ni mzima, ila mgongo tu, maana tuko kwenye matofaa na ngazi haina huruma. Usiucheke mwandiko, unajua niliishia darasa la nne.

Huku majira yamegeuka. Tukitoka bwenini asubuhi majani yametapakaa chini, mekundu, na tukizungumza moshi unatoka vinywani. Bustani yangu ya nyuma ya bweni imekwisha. Nyanya nimeng'oa, maharage nimekausha, pilipili nimezitunga kwenye uzi juu ya jiko. Yalibaki mahindi. Ni yale yetu ya buluu, kaka. Najua utauliza nimeyapata wapi. Ngoja, nitafika huko.

Niliyapanda Mei. Yakakua mpaka yakapita paa la bweni, lakini hayakutoa mbelewele. Ya jirani yameshazaa, yangu yanarefuka tu. Bi Verna, mke wa mwenye shamba, ndiye aliyenipa kipande hiki, na kila akipita aliniuliza kama nimepanda mahindi au nguzo za simu. Alisema siku za kiangazi huku ni ndefu mno, mbegu ya kwetu inadanganyika, haijui wakati wa kuzaa. Mbelewele zilitoka Septemba imeshaingia. Tangu hapo sijapata usingizi mzuri.

Dada Otilia alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Akasema shemeji Casilda bado yuko kwa wazazi wake tangu Aprili, mama alipofungua mtungi wa mbegu akaukuta mtupu. Mama hajabadilika: eti Casilda alisaga mbegu iliyobarikiwa kanisani siku ya Kandelaria, akaitia kwenye unga wa tamale alizowapikia wageni, na mwanamke anayelisha wageni mbegu ya nyumba hana nyumba. Nikauliza wewe unasemaje. Akasema wewe unakula na kunyamaza. Halafu akaniambia kwamba Siku ya Wafu ikipita tu, ndugu zake Casilda watakuja kuchukua nguo zake na watoto wote wawili. Wakishatoka, hawarudi.

Siku nne baadaye redio ikatangaza jalidi, ule umande wa huku unaoganda usiku na kuua mimea. Niliomba ruhusa ya nusu siku. Msimamizi akakataa, akasema matofaa ya tajiri hayawezi kungoja mahindi ya kibarua. Jioni nikakimbilia bustanini na mashuka ya kitanda. Nabor, mtu wa Veracruz tunayelala naye chumba kimoja, akacheka mpaka akakaa chini: “Wee bwana, unamvika nani shela? Bibi harusi mwenyewe ana futi kumi!” Aliponiona nalia akaacha mzaha, akachukua panga. Bi Verna akatuelekeza tuyakate pamoja na mabua, tuyasimamishe ndani ya banda la trekta, kwani hindi huendelea kunyonya bua hata likishakatwa. Tulibeba bila kupumzika. Asubuhi majani ya maboga yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto.

Nabor aliniuliza ni mahindi gani haya ya kumliza mtu mzima. Nikamwambia nilipewa na mama. Nilimdanganya.

Mama hakunipa, kaka. Shemeji hakusaga hata punje moja. Siku moja kabla ya safari, ninyi mkiwa shambani, niliumwaga mtungi wote ndani ya soksi zangu za sufu, jozi tatu, nikazifunga chini ya begi. Sikuchukua kwa njaa. Nilichukua kwa kinyongo. Baba alipokupa wewe ardhi yote na mimi akaniambia nina nguvu, nitajitafutia, nilisema moyoni: haya, yeye ana shamba, mimi nina mbegu, tuone atapanda nini. Nilifikiri mtanung'unika, mtanunua mbegu nyingine, yaishe. Sikufikiri kwamba lazima mtu alaumiwe. Na Aprili Otilia aliponitajia aliyelaumiwa, niliishika simu kimya mpaka akadhani imekatika. Nikajiambia nitavuna gunia, niujaze mtungi mama akiwa kanisani, watu waseme ni muujiza.

Jana nilifungua maganda yote. Mengi bado yana maziwa, ukibonyeza punje inapasuka. Yaliyokauka ni kumi na moja tu. Yanatosha kuanza mbegu upya, kama yataota. Yangetosha kuanzisha uongo mwingine pia. Nimekaa nayo mapajani tangu asubuhi, nikaona sitaki.

Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ningenyamaza tena. Barua hii anakuja nayo Nabor. Mkataba wake umekwisha, anaondoka keshokutwa, na ameahidi kupitia kwetu kabla ya kwenda kwao. Nimemweleza yote. Hakucheka. Mpe chakula.

Msomee mama kwa sauti, usiruke pale pa soksi. Kisha nenda kwa wakwe zako siku hiyo hiyo, usiningoje mimi, ukamsomee shemeji mbele ya baba yake. Akitaka kunitukana, mwache anitukane. Ukitaka kunipiga, nakuja. Ila na wewe, kaka, ulimjua mkeo kuliko sisi sote, na ukanyamaza. Hilo ni lako, siwezi kukubebea.

Msalimie Otilia, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama sijui nimwambie nini. Mwambie magoti ayafunge kwa kitambaa cha joto, baridi inakuja na huko.

Nafika tarehe mosi Novemba, kwa basi la mchana. Nikikuta shemeji hajarudi sitaingia ndani. Nitatua begi mlangoni na kuupanda mlima hadi kwao, hivyo hivyo na vumbi la safari.

Ni mimi mdogo wako,
Abundio