Kipande cha sahani kinachonusa gazi

Jumatano, 22 janvier 2025
Katungu, masomo yote ile, akili iko wapi? Sahani yangu ya ndoa! Imetoka Butembo bila ufa, hata mukwe mumoja hajaipasua. Mujukuu wangu mwenyewe akaipiga nyundo. Eti, Koko, bibi yangu, nahitaji porcelaine, udongo wa sahani, kidogo tu, kama kidole. Anatengeneza kitu cha kunusa gazi ya batri. Batri ikichajiwa inatoa hydrogène. Haina harufu, haina rangi, moto ukiikuta inalipuka. Nikamuambia, mimi niko na pua. Akacheka! Mutoto bila haya.

Alhamisi, 23 janvier
Mbabula yangu, jiko la makala, imekamatwa. Katungu alitoa étain, ile ya kuunganisha waya, katika radio zilizokufa, akaiyeyusha na asidi, ikawa uji mweupe. Akaongeza unga wa palladium, madini ya kuchagua gazi, aliopewa na professeur wake — kidogo, kama chumvi ya masikini. Akapaka kwa kipande cha sahani, akachoma ndani ya makala. Chini waya ya réchaud, jiko la umeme, ya kukipasha moto. Juu chujio yangu ya chai — eti, moto wa waya usitoke. Pembeni, appareil ya fundi yenye mushale. Maharagi yangu yamelala mabichi.

Ijumaa, 24 janvier
Léoncie, binti ya marehemu ndugu yangu, amekimbia vita ya Sake na mutoto muchanga mugongoni. Amefika miguu imevimba. Nimemupa kitanda.
Katungu akaleta kitu chake juu ya batri — mushale ukapanda! Nikapiga vigelegele, sina haya. Kisha mwana wangu Florent, mwenye kuchajia watu batri, akaingia na kasiksi yake tumboni. Mushale ukapanda tena. Léoncie: Yaya Florent, kaka yangu, na wewe unachajiwa? Tulicheka. Katungu hakucheka. Eti kinasikia pombe pia, palladium haitoshi.

Jumapili, 26 janvier
Risasi. Hakuna misa. Wezi wanazunguka mutaa wetu wa Majengo, Florent ameingiza batri zote ndani, toka baraza. Dirisha tumeziba na mifuko ya mawe. Katungu: Ndani hapana! Florent: Basi lala nazo inje. Wote wana haki. Mimi nitamugombeza nani? Panneau ya jua juu ya bati inazichaji tu, haijui vita.

Jumatatu, 27 janvier, muchana
Mushale umepanda. Nikamufunika Florent blanketi kichwani — pumua humo, mulevi! Mushale haukushuka. Mama, anasema ndani ya blanketi, sijakunywa tangu juzi. Kweli. Hanuki kitu.
Ni gazi.
Kuchomoa waya kwa batri, Katungu anasema, cheche itaruka. Kuichomolea juu ya bati — kuna risasi. Mulango na dirisha vyote vinatazama barabara, na barabarani wanapigana. Watu tano ndani, mumoja bado ananyonya. Mimi niliyelea watoto saba, nimekaa chini kama gunia. Naandika kwa mwanga wa chini ya mulango, mikono isikae bure. Mushale unaendelea.
Na Léoncie anatafuta kibiriti! Mushumaa wa rozari!
Napiga kelele: Weka chini! Bikira anatuona gizani pia. Katungu, shika mutoto, lala naye chini. Florent, toa hiyo blanketi, chukua muti wa ufagio. Piga magoti, usisimame. Sukuma inje mufuko mumoja wa dirisha, ule wa juu kabisa — gazi inapanda, itatokea hapo. Sasa, Florent. Sasa!