Shingo ya Gita na Kichwa cha Mama Neema

Alhamisi. Mvua ilianza kabla ya saa sita na haikuwa na haraka ya kuondoka. Nakivubo, hapa Kampala ninakosuka nywele, yote ilikuwa matope, wateja wakabaki makwao, na mimi nimerudi Lubaga mapema nikiwa na vidole vinavyouma na kichwa kigumu kuliko cha jana.

Nimekasirika. Lakini ni ile hasira inayofanya kazi.

Tangu kaka yangu Espoir apate safari ya Kanada, gita la kwaya liko mikononi mwangu. Hakuna aliyenichagua. Gita lilibaki nyumbani, nami nilikuwa nyumbani. Kwa chodi, zile noti za kupigwa kwa pamoja, siogopi mtu. Shida ni sebene, pale wimbo unapochemka, watu wanaacha viti vyao, na gita linatakiwa liseme peke yake. Espoir alikuwa anatembea shingo nzima ya gita, chini hadi juu, kama mtu anayepita uani kwake. Mimi najua kona moja.

Kona yenyewe ni pale freti ya tano, kile kijichuma cha tano shingoni. Skeli ya pentatoniki ina noti tano tu, na kwenye shingo ya gita noti hizo zinajipanga katika maumbo matano yanayofuatana. Espoir aliyaita vyumba. Mimi naishi chumba cha kwanza na mlango nimeufunga.

Sasa Mama Neema hajali mtu anaishi chumba gani. Ndiye anayetuanzishia nyimbo, mama wa Bukavu anayeuza vitenge, na huanza pale sauti yake ilipoamkia siku hiyo. Hapewi noti na mtu. Akiguswa sana, sauti yake inapanda katikati ya wimbo. Kibanio cha kupandishia sauti ya gita ninacho, lakini huwezi kumwambia Roho angoje kidogo unabana.

Jumapili iliyopita alipanda, nikamtafuta, nikamkosa. Nikaacha kupiga, nikajifanya natengeneza waya wa spika. Watoto wa benchi la mbele waligundua na wakacheka, maana wale hawajui kumfichia mtu aibu.

Juzi kwenye mazoezi, mwalimu wetu wa kwaya, Barasa, Mkenya mpole anayependa mambo yanyooke, akaleta dawa.

"Mama Neema, kuanzia leo utangoja gita likupe noti ya A. Kila wimbo ni A. Si tumsaidie huyu dada."

A ni pale pale freti ya tano, chumbani kwangu. Mama Neema akasema sawa, akaimba kwenye A. Jamani. Ilikuwa sauti yake, ila imevaa viatu vya mtu mwingine. Alipomaliza ubeti wa pili alikaa, akasema koo linamkwaruza. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Yule mama ameimba tangu kabla mimi sijazaliwa, na leo ananyamaza kwa sababu mimi sijui njia.

Basi jana nikatumia akili ya saluni. Nilichukua rangi za kucha, nikapaka vidoti kwenye shingo ya gita: chumba cha kwanza chekundu, cha pili zambarau, kila chumba na rangi yake. Gita likapendeza kama bibi harusi. Nikatembea vyumba vyote kwenye A bila kujikwaa, nikajipongeza. Kisha nikaanza wimbo pale Mama Neema alipouanza Jumapili, na vidoti vyote vikawa uongo. Nilikuwa nimepaka makazi ya A peke yake. Wimbo ukihama, vyumba vyote vinahama nao, rangi zinabaki pale pale zikikutazama.

Nikafuta kwa asetoni. Asetoni ikaondoka na vanishi. Espoir asije akaona.

Leo, katikati ya mvua, mteja wangu pekee alikuwa Mama Neema mwenyewe. Alitaka nimsuke mistari ya kurudi nyuma kwa ajili ya Jumapili. Nikashika kitana, nikapasua nywele kwa ule mkia wake, mstari wa kwanza, wa pili, na hapo mkono ukasimama.

Njia ile ya katikati ni ya misuko miwili. Upande huu nywele zinaenda kwa msuko wa kwanza, upande ule zinaenda kwa wa pili, lakini njia ni moja. Sijawahi kuipasua mara mbili. Na chumba cha kwanza na cha pili cha gita ni hivyo hivyo: noti za kumalizia hiki ndizo za kuanzia kile, hata kama njia yenyewe inapinda kidogo. Nilikuwa nakariri vyumba vitano kama vichwa vya watu watano. Kumbe ni kichwa kimoja. Na kichwa kiwe kikubwa, kiwe kidogo, huwa siogopi. Naweka njia ya kwanza, nyingine zinaifuata.

Nikamwambia, "Mama, niimbie kidogo."

"Kwenye ile A ya Barasa?"

"Hapana. Kwenye unataka."

Akaimba. Gita sikuwa nalo, nilikuwa na shingo ya gita kichwani mwangu. Noti yake ya kwanza nikaiwekea njia, nikavuta chumba hiki, nikavuka kwenda kile. Akapanda, nikahamisha kichwa kizima.

"Mutoto yangu, unanivuta nywele na nguvu," akasema.

Nakato mwenye saluni alikuwa ananitazama kwenye kioo. "Bannange, jamani, huyu dada leo anasuka ama anasali?"

Vyote viwili, nilifikiri, nikaendelea kusuka.

Mama Neema alipokuwa anajifunga kitambaa mlangoni, mdomo wangu ukanitangulia.

"Jumapili usingoje A. Anza popote."

"Fasi yoyote?"

"Popote. Nitakukuta."

Alinitazama sana. Kisha akatoka kwenye manyunyu akiimba, juu kuliko nilivyowahi kumsikia, sauti ikiwa na viatu vyake yenyewe. Nikamfuata kichwani, chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka alipofika kwenye duka la viatu, mbele kidogo ya saluni. Hapo akapanda tena, nami nikampoteza.

Jioni hii nimefunika shingo ya gita kwa kitenge nisiione. Naanza wimbo popote, natafuta njia ya kwanza, naifuata. Mpaka chumba cha tatu napita vizuri. Cha nne bado kina giza, naingia nikipapasa, natoka na noti isiyo yangu. Jirani amegonga ukuta. Nimepunguza sauti, sijaacha.

Barasa ameuliza kwenye simu kama nitaleta orodha ya nyimbo za A. Nimemjibu: mwache Mama aanze mwenyewe. Ameandika, "Una uhakika?" Uhakika sina. Nina ahadi, na nina siku mbili za kukaa chumba cha nne mpaka nijue kuta zake gizani.

Jumapili nataka kulipita lile duka la viatu.